Kumpekua Tetea

Tetea wangu amekuwa kama kandambili iliyotafunwa na mbwa.
Shingo wazi. Mgongo wazi.
Hapa Veyula mwezi wa saba upepo hauombi ruhusa,
unamkuta kajibanza ukutani, ngozi imemsimama vipele
kama ya mtoto aliyetolewa kwenye karai.

Mzee Lechipya akachungulia juu ya uzio wa minyaa:
"Huyo si kishingo tu? Kwetu Bahi wamejaa."
Kishingo! Kishingo huzaliwa vile, mzee.
Huyu Januari nzima alivaa kola ya kahawia,
akipita uani kama mke wa mchungaji.

Wa duka la pembejeo hakuinua macho.
"Utitiri," akasema, akanipimia unga mweupe
kwenye mfuko wa nailoni, elfu tatu.
Hakuniuliza kunyonyoka kulianzia wapi,
nami njia nzima nilikuwa nimelitayarisha jibu.

Maana mama, aliyeishia darasa la nne,
kabla ya dawa aliuliza hilo kwanza.
Kifuani? Anataka kuatamia huyo, anajing'oa mwenyewe atandike.
Mkiani, na kuna damu? Wamemdonoa wenzake,
wamechoka pumba tupu, wape dagaa.
Na kama ni mwili mzima, polepole, na chakula anakula,
basi anabadili nguo, mwacheni,
nyie mkibadili nguo mnataka watu?

Nikampakata. Nikampindua miguu juu,
naye akatulia, jicho moja likinihesabu.
Nikapuliza manyoya ya tumbo yagawanyike,
nikatazama chini ya bawa, nikatazama kule nyuma
ambako mtu na heshima zake hatazami.
Hakuna chawa anayekimbia mwanga.
Hakuna mayai yaliyogandia kwenye mashina ya unyoya
kama chenga za sukari kwenye mdomo wa kikombe.
Ila undu wake umepauka,
rangi ya chai ya msibani, siku ya tatu.
Damu inakwenda mahali.
Mchana kutwa sikumwona mnywaji.

Saa nane usiku nikaamka na tochi ya simu.
Banda nililiegemeza kwenye ukuta wa tembe ya baba,
ndio uliobaki, nikaona nibane matumizi.
Nikachomeka njiti ya ufagio kwenye ufa.
Wakatoka.
Bapa, wa kijivu, wazito kwa shibe,
kama mbegu za tikiti zilizojifunza kutembea.
Papasi.
Miaka mitatu tangu tumzike baba
hakuna kiumbe aliyelala upande ule,
nao walikuwa mle ndani, kwenye udongo mkavu,
bila tone, bila haraka,
wakijua tu kwamba kuna mtu atarudi.

Sijui nilisimama pale muda gani.
Sechelela akanikuta, birika linafoka mkononi,
kajitanda blanketi la mtoto.
Akanitazama nilivyoinama, tochi mdomoni,
nikifunua unyoya mmoja mmoja shingoni kwa kuku.
"Miaka kumi na tisa," akasema,
"mimi hujawahi kunipekua hivyo."
Akamimina maji ya moto ufani.
Ukuta ukatoa sauti ndogo, kama mtu anayenyonya jino.

Asubuhi tukakanda udongo na majivu, tukaziba.
Nikachimba kishimo cha vumbi wajioshee.
Unga wa elfu tatu uko juu ya kabati, sijaufungua.
Na usiku, kabla ya kuzima taa, nilimwambia Sechelela ageuke,
nikafungua nywele zake mstari kwa mstari.
Mvi nilikuta nne. Au tano, ya tano ilikuwa na ubishi.
Akalala kabla sijafika sikio la pili.

Leo ni siku ya kumi na moja.
Shingoni mwa tetea vimechomoza vijiti vya buluu,
vikali, ukivigusa analalamika.
Mgongoni bado pako wazi, pana mikwaruzo miwili miwili
inayolingana kabisa na kucha za jogoo.

Kesi hiyo ni nyingine.
Na Jumapili inakuja.